Vitamini za Nyumba Mbili

Katika nyumba yetu ya Bukoto, mtu aliyejua kila kitu alikuwa na umri wa miaka minne, na siku tuliyomhitaji aseme hakuweza kusema.

Alikuwa binti yangu. Mama yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekwenda Mbarara kwa mafunzo, na mahali pake akaja mama mzazi wa mke wangu kutoka kijijini, upande wa Masaka, amwangalie mjukuu wakati mimi nikiwa chuoni nikifundisha. Hapo ndipo ilipokuwa shida, na sina budi kuieleza kwa msomaji ambaye hajaoa kwa Waganda. Kwao, mama mkwe na mwanamume aliyemwoa binti yake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakigusana, hata kwa bahati mbaya, inasemwa mmoja wao atapatwa na ugonjwa wa kutetemeka. Kwetu kaskazini, alikotoka baba yangu aliyekuwa askari polisi, tunayo heshima ya namna hiyo, ila ya kwetu haina tetemeko. Mimi nilikuwa na shahada mbili na sikuamini habari za kutetemeka. Pia sikuwa tayari kujaribu.

Basi mama mkwe hakulala ndani. Alikaa katika chumba cha nyuma ya nyumba, kile ambacho wapangaji wengine humpa mfanyakazi, na mlangoni akatundika pazia la maua. Mtoto alilala huko naye. Nilipofika getini nilikohoa, naye akajiondoa uani. Alipotaka kupita kwenda bombani alikohoa yeye, nami nikaingia ndani. Mgeni angedhani nyumba nzima ina kifua kikuu.

Neno lilipolazimika kusemwa, lilipitia kwa mtoto. Hilo linaruhusiwa: unamwambia mtoto, na mwenye masikio anasikia. "Mwambie jjajja uji wa leo ulikuwa mzuri," ningesema kwa sauti ya kufika nyuma ya pazia, maana jjajja ndiye bibi. Na kutoka nyuma ya pazia: "Mwambie baba yako mkaa unakwisha." Ila si kila mara tulikuwa karibu kiasi cha kusikiana. Hapo mtoto alibeba ujumbe peke yake, akaupunguza, akautia chumvi, akaufikisha kwa namna iliyomfaa yeye. Siku niliyomtuma aseme sukari ipunguzwe kwenye uji, alifikisha kwamba baba anauliza kwa nini sukari ni kidogo. Nililigundua hilo kwenye uji.

Wakati huo alikuwa ametoka kwenye malaria. Alikuwa mwembamba, anachokonoa chakula bila kukila, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Nikaamua kumpa vitamini. Nilikwenda kwenye duka la dawa karibu na soko la Nakasero, nikasimama mbele ya rafu kama mtu aliyeletewa mitihani ya kusahihisha. Kulikuwa na chupa yenye picha ya simba, na nyingine yenye mtoto wa Kizungu mwenye mashavu kama maandazi. Kulikuwa na mafuta ya samaki. Moja iliahidi hamu ya kula, nyingine ikaahidi akili. Hiyo ya akili niliishika muda mrefu, kisha nikaona aibu kwa niaba ya ukoo wangu, nikairudisha. Mwishowe nilichukua ile yenye orodha ndefu kuliko zote, kwa hoja kwamba iliyo ndefu ndiyo kamili. Nasikitika kusema ndivyo nilivyokuwa nikisahihisha na insha. Ilikuwa na kila herufi ya vitamini, na ndani yake kulikuwa na madini ya chuma. Kijiko kidogo kimoja kwa siku.

Mwuzaji, dada mwenye koti jeupe, aliniuliza, "Kuna dawa nyingine anakunywa?"

"Hakuna," nikasema. Nilikuwa baba yake. Nani angejua zaidi?

Ilikuwa na ladha ya chungwa, na mtoto akaipenda kupita kiasi. Kila jioni alikuja ndani, akafungua mdomo kama kifaranga, kisha akakilamba kijiko mpaka kikang'aa. Nikamwambia: "Mwambie jjajja kwamba dawa nakupa mimi." Akaenda mbio. Sikumfuata kusikiliza alichokisema.

Jumamosi moja asubuhi nilisikia kikohozi kutoka uani. Hakikuwa kile cha kuomba njia. Kilikuwa kinakuja mfululizo, kwa haraka, kama mtu anayegonga mlango. Nikatoka. Mtoto alikuwa ameketishwa kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma, pazia limefungwa nyuma yake, na mbele yake sakafu ilikuwa na matapishi meusi.

"Mwanangu," nikasema, "mwulize jjajja umeanza lini."

Mtoto aliinamisha kichwa. Alikuwa amekunja magoti, mikono tumboni.

"Mjukuu wangu," pazia likasema, "mwambie baba yako umeanza sasa hivi. Mwambie akupeleke hospitali."

"Mwambie jjajja anieleze jana ulikula nini."

"Mwambie baba yako ulikula matoke na karanga, kama siku zote."

"Na leo? Mwulize jjajja leo umekula nini."

Pazia likanyamaza. Tulikuwa watu wazima wawili, kati yetu pana nafasi ya kutandika mkeka, na tulikuwa tukizungumza kupitia mtoto ambaye macho yake yalikuwa yameanza kulegea. Kisha akatapika tena, na safari hii ndani ya ule weusi mlikuwa na vijiuzi vyekundu.

Jirani yetu alikuwa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini kama mimi, mwenye pikapu kuukuu aliyoipenda kuliko cheo chake. Alikuwa akiiosha. Aliponiona nimembeba mtoto alitupa ndoo.

"Profesa, wewe nasimama kama posti kwa nini? Leta mutoto. Petroli iko kidogo, lakini kufika itafika."

Kiti kilikuwa kimoja, kirefu, cha kukaa watu watatu mabega yakigusana. Sajini alinitazama mimi, akatazama pazia, akaelewa bila kuambiwa, kwa kuwa naye alikuwa ameoa.

"Mama mukubwa akae mbele, ashike mutoto. Wewe panda nyuma na matairi."

Nikamweka mtoto kitini, nikageuka upande mwingine hadi nilipousikia mlango ukifungwa, ndipo nikapanda nyuma. Chupa ya vitamini niliitia mfukoni, maana niliwahi kusoma mahali kwamba unapokwenda kwa daktari, chukua kila anachokunywa mgonjwa. Kupitia kioo cha nyuma niliona kilemba cha mama mkwe na, karibu na dirisha, mguu mmoja wa mwanangu. Njia nzima niliutazama mguu ule. Pikapu ikirukaruka kwenye mashimo, nao uliruka, na sikuweza kujua kama ni yeye aliyeuchezesha au ni barabara.

Zahanati ilikuwa ya binafsi, ndogo, na daktari alikuwa dada kijana asiyepoteza maneno. Alimbonyeza mtoto tumbo, akaangalia ulimi, akaamuru dripu, kisha akaniuliza, "Amekunywa nini?"

Nikatoa chupa yangu kwa fahari kidogo, kama mwanafunzi aliyekumbuka kuleta kitabu. Akaisoma nyuma.

"Ina chuma. Unampa kiasi gani?"

"Kijiko kidogo, kila jioni."

"Kijiko kidogo hakifanyi hivi. Nini kingine?"

"Hakuna."

Aliniangalia. "Baba, nisikilize. Hii naiona kama sumu ya chuma. Chuma ni kizuri, lakini kikizidi kwa mtoto wa kilo hizi kinachoma tumbo, halafu kinaingia kwenye ini. Kwanza anatapika. Kisha anatulia, anaomba maji, mnadhani amepona. Baadaye ndipo anaanguka. Kwa hiyo akitulia, usifurahi. Nani anakaa naye mchana?"

"Bibi yake. Mama wa mke wangu."

"Mwite."

"Yuko nje," nikasema. "Hawezi kuingia. Nami siwezi kutoka kumwuliza."

Daktari alikuwa Mganda. Sikuhitaji kuongeza neno. Alipumua kama dereva anayeambiwa daraja la mbele limevunjika, akamtuma muuguzi.

Muuguzi alikwenda, akarudi. "Anasema alimpa dawa ya kuongeza damu. Ile ya chupa, ya wanawake waliojifungua. Aliinunua Nateete, karibu na stendi ya teksi."

"Kiasi gani?"

Akaenda, akarudi. "Anasema kidogo."

"Kidogo ni nini? Kijiko cha chai? Cha kulia? Leo amempa?"

Akaenda tena. Dirisha la chumba kile lilikuwa wazi, na benchi alilokalia mama mkwe lilikuwa chini yake, kwa hiyo kila swali nililisikia likiulizwa mara mbili, mara moja ndani na mara moja nje. Jibu nalo nililisikia: "Kidogo tu, mwanangu. Kidogo." Kisha kilio cha chini, cha mtu anayejiziba mdomo.

"Daktari, ni kidogo tu anasema," muuguzi akasema. "Chupa iko nyumbani."

Hapo nikaelewa. Kama mimi nilimsikia yeye, naye alijua kwamba namsikia. Mama mkwe wa Kiganda anaweza kumweleza daktari lolote, lakini kusema mbele ya masikio ya mkwe wake kwamba amemdhuru mtoto wake ni sawa na kuvua nguo mbele yake. Angeendelea kusema "kidogo" mpaka jioni.

Nyuma yangu sauti ndogo ikasema, "Baba, naomba maji."

Nikageuka. Mtoto alikuwa ametulia. Mikono ilikuwa imeachia tumbo, na alikuwa akiitazama dripu kwa udadisi wa kawaida, kama angependa kujua ladha yake. Nikamwuliza asubuhi amekunywa nini. "Twende nyumbani," akasema.

Muuguzi akatabasamu. "Ameshapona huyu."

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa tabasamu lile.

Daktari alinivuta kando. "Ipo dawa ya kukamata chuma. Hapa hatuna, iko hospitali kubwa. Ikiwa amekunywa nyingi, tunaondoka sasa hivi na dripu yake. Ikiwa ni kidogo kweli, ni afadhali abaki hapa bila kutikiswa. Nahitaji kujua. Sihitaji adabu, baba. Nahitaji kujua."

Nikatoka nje.

Mama mkwe aliponiona nakuja alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa na kusogea hadi mwisho wa benchi. Nikaketi upande wa pili, nikautazama ukuta wa mbele yetu, uliopakwa rangi ya kijani mpaka nusu.

"Nyabo," nikasema. Ndivyo mwanamke anavyoitwa kwa heshima, lakini sikuwa nimewahi kumwita chochote.

Kisha akauambia ukuta: "Mtoto hayupo hapa."

"Hayupo. Ndiyo maana nakuambia wewe."

Nilisikia pumzi yake chini ya kitambaa.

"Tangu Jumatatu, sebo," akasema, akiniita bwana kwa heshima. "Kijiko cha kulia, asubuhi na jioni. Hakuwa na damu, sebo. Nilimfunua jicho nikaona weupe. Nilimtuma akuulize kama nawe unampa dawa. Akarudi akasema baba hana dawa."

"Nami nilimtuma akuambie nampa."

"Aliniambia umesema nimpe muwa."

Ningecheka siku nyingine. "Na leo, nyabo?"

"Leo nilitoka kuwasha moto. Dawa ile ni chungu, huwa naichanganya na asali humo humo chupani ili aipende. Niliporudi, chupa ilikuwa imelala mkekani na kifuniko kando. Alikuwa analamba midomo."

"Ilikuwa imebaki kiasi gani kabla?"

Alitoa mkono chini ya kitambaa, akalaza vidole juu ya kiganja cha mkono wa pili, kimoja, kisha cha pili. "Hivi. Na mkeka ulilowa. Lakini sijui kipi kilikwenda mkekani na kipi kilikwenda tumboni. Ndicho nilichoshindwa kusema. Sijui."

Ili nivione vidole vyake ilibidi nimtazame. Vilikuwa vinatetemeka. Vyangu pia. Kama ugonjwa ule upo, ulikuwa umetupata sote wawili kabla hatujagusana.

Sajini alikuwa bado getini, amesimama karibu na pikapu. Nikamwomba arudi Bukoto alete chupa.

"Na mkeka," mama mkwe akasema nyuma yangu.

"Mukeka wa nini tena?"

"Lete mkeka, afande," nikasema. "Usiukung'ute."

Nilimweleza daktari yote, na akasema angesubiri vitu hivyo lakini si kwa muda mrefu. Nilisimama dirishani nikisikiliza barabara. Kila gari lililopanda kilima nililifanya liwe pikapu, na kila lilipopita bila kukata kona nilimgeukia mtoto, ambaye sasa alikuwa akiimba kwa sauti ndogo wimbo wa kuhesabu vifaranga. Wimbo ule ulinitisha. Alikuwa mchangamfu mno.

Pikapu ilipofika hatimaye, sajini aliingia na mkeka kichwani, ncha zake zikigonga miimo ya mlango. Daktari aliukunjua sakafuni. Doa lilikuwa kubwa, limekauka pembeni na katikati bado linanata. Alilipima kwa kiganja, akaugeuza mkeka na kuangalia upande wa chini, akanusa. Kisha akatia maji katika ile chupa hadi kimo cha vidole viwili na kuyavuta kwa sindano ili ajue ni mililita ngapi. Alikokotoa kwenye karatasi, akaikunja, akakokotoa upya.

"Kama zingeingia zote tumboni, tungeondoka," akasema. "Lakini nyingi ziko hapa chini. Nadhani nyingi ziko hapa. Tutabaki. Gari lisiondoke, liangalie getini. Akianza kupumua kwa haraka, au akisinzia kuliko kawaida, mniite papo hapo."

Sajini akaenda kuigeuza pikapu bila kuulizwa habari za petroli.

Mwalimu wa chuo kikuu hafundishwi namna ya kujua kusinzia kwa kawaida. Baada ya adhuhuri mtoto akalala. Nikainama kusikiliza pumzi. Nikamshika unyayo, akauvuta mguu. Nikasubiri, nikamshika tena, akauvuta kwa hasira. Nikaanza kuamini kwamba hasira ni dalili njema, na nikaendelea kuitafuta.

"Sebo." Sauti ilitoka chini ya dirisha. "Analala, au?"

"Analala. Nikimgusa anakasirika."

"Aah. Huyo amemfuata mama yake."

Akaongeza: "Mguse tena."

Nikamgusa. "Amekasirika."

Tuliendelea hivyo muda mrefu, yeye nje na mimi ndani. Jua liliposhuka ukutani akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza vizuri siku nzima.

"Na wewe ulikuwa unampa nini?"

Nikatoa chupa. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikaanza kumfasiria kwa Kiganda changu cha kuazima. Vitamini A, nikasema, ya macho. C, ya mafua, nadhani. D, ya mifupa. Zile za B zilikuwa nyingi, zina namba, na nilipofika katikati yake nilitambua kwamba sijui kazi ya hata moja.

"Hiyo ya namba sita ni ya nini?"

"Sijui, nyabo."

"Lakini ulimpa."

"Nilimpa."

"Endelea."

"Madini ya chuma."

"Chuma," akasema. "Kama ya kwangu."

"Kama ya kwako. Ila kidogo."

"Sasa wewe ndiye unayesema kidogo," akasema. Hakuwa akinicheka, ingawa sina hakika.

Hatukwenda hospitali kubwa. Usiku ulipita na pumzi za mtoto hazikubadilika. Asubuhi daktari alimbonyeza tena tumbo, akachungulia macho, akamtoa damu kidogo ya kupima, na mtoto akamwita mwizi. Majibu yalipokuja daktari aliyasoma akiwa amesimama, kisha akaketi kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Ini liko salama, akasema. Apewe uji mwepesi. Wiki nzima asipewe dawa yoyote yenye picha, na siku akirudia vitamini, zitoke mkono mmoja.

Mama mkwe alikuwa ameomba uji jikoni kwa muuguzi. Nilisikia ndara zake koridoni, zikasimama mlangoni. Nikainuka ili nitoke kwa mlango wa upande, kama inavyotakiwa, apate nafasi ya kuingia.

Aliingia kabla sijafika mlangoni. Kitambaa kilikuwa kimefunika nusu ya uso wake, na macho yake yalikuwa kwa mjukuu tu.

"Kaa, sebo," akasema. "Mwinue kichwa. Mimi nitamlisha."

Nikarudi, nikamwinua. Alikoroga uji, akapuliza, akajaza kijiko. Kabla hajakipeleka mdomoni alikisimamisha hewani, akaniuliza mimi, moja kwa moja, kama tayari nilikuwa nimempa chochote asubuhi ile.

"Maji tu," nikasema.

Ndipo akamlisha.